Retina ya baba imebanduka: macho ya wanyama yametufundisha nini?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni kijana wa Muheza, Tanga. Baba yangu amekata mkonge karibu maisha yake yote. Mwaka jana ncha ya jani ilimchoma jicho la kulia. Alishonwa, jicho likatulia, lakini miezi michache baadaye akaanza kulalamika kwamba kuna pazia jeusi linapanda kutoka chini. Hospitalini tumeambiwa retina imebanduka na kuna kovu linaivuta, kwa hiyo aende Dar es Salaam kwa bingwa. Nikaingia mtandaoni kutafuta sababu, nikakuta wanasayansi wametoboa macho ya kima, sungura na paka ili wajue retina inabandukaje. Roho iliniuma sana, maana nyumbani tunafuga paka. Je, kweli hakukuwa na njia nyingine? Walijifunza nini kinachoweza kumfaa baba? Na jicho lake la kushoto liko salama?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mpe baba pole zangu nyingi.

Kabla ya yote, kama hajaondoka kwenda Dar, aondoke wiki hii. Msingoje mwisho wa mwezi. Umesema pazia linapanda kutoka chini. Jicho hupindua picha, kwa hiyo kivuli cha chini maana yake ni kwamba retina, yaani utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, imebanduka upande wa juu, na maji yaliyojikusanya nyuma ya retina upande wa juu hushuka kuelekea katikati, mahali tunapotumia kusomea na kutambua sura za watu. Sababu ya kuharakisha ni mojawapo ya mambo tuliyofundishwa na wanyama hao unaowahurumia. Nitaifikia.

Ili tuelewane, siku moja pita machinjioni uombe jicho la mbuzi. Likate kwa wembe mpya, nyuma kidogo ya kioo cha mbele, ulizungushe mpaka nusu ya mbele itoke na lenzi yake. Ndani utakuta ute mzito, angavu, unaonata vidoleni na usiomwagika kirahisi. Uondoe taratibu. Chini yake kuna utando mwembamba, mweupe-mweupe, laini kiasi kwamba ukiugusa kwa kijiti unajikunja. Hiyo ndiyo retina. Nyuma yake utaona rangi ya buluu na kijani inayong'aa. Mbuzi anayo, paka wako anayo, ndiyo inayowasha macho yao usiku, na sisi binadamu hatuna. Sasa chunguza retina imeshikwa wapi. Imeshikwa nyuma, pale mshipa wa fahamu wa jicho unapotokea, na mbele, kwenye ukingo wake. Katikati kote utainyanyua bila kukutana na ukinzani wowote.

Lakini jicho hilo limeshakufa. Katika jicho lililo hai mambo ni tofauti, na hili tumelijua kwa sungura. Michael Marmor wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walitumia miaka mingi kupima nguvu inayohitajika kuibandua retina. Jicho likiwa hai retina inang'ang'ania mahali pake. Damu ikikoma kulifikia, ndani ya dakika chache inalegea. Maana yake ni kwamba hakuna gundi ya kudumu pale. Chini ya retina kuna tabaka moja la seli zenye rangi nyeusi, na seli hizo hazipumziki: zinavuta maji kutoka upande wa retina na kuyasukuma nyuma kwenye mishipa ya damu, usiku na mchana. Retina inakaa mahali pake kwa sababu kuna seli zinazofanya kazi kila dakika kuiweka hapo. Mimi huliona jambo hili kuwa muhimu kuliko watu wengi wanavyolipa uzito, kwa sababu linageuza swali zima. Badala ya kuuliza tu nini kinaibandua retina, unaanza kuuliza ni kitu gani kinazishinda nguvu seli hizo.

Sasa nije kwenye sababu. Hapa nitasema jambo ambalo huenda hukulitarajia: sababu ya kwanza haikugunduliwa kwa wanyama.

Hermann von Helmholtz alipotoa kifaa cha kuchungulia ndani ya jicho mwaka 1851, madaktari waliiona retina iliyobanduka kwa mara ya kwanza katika mtu aliye hai. Baadhi yao waliona pia kwamba mara nyingi ina tundu. Kwa miongo kadhaa wakabishana kama tundu ndilo lililoleta ugonjwa au ugonjwa ndio ulioleta tundu. Mgonjwa alilazwa kitandani wiki nyingi, amefungwa macho yote mawili, na karibu kila mara alitoka akiwa haoni. Aliyelimaliza shauri hilo ni Jules Gonin wa Lausanne, Uswisi. Aliwachunguza wagonjwa kwa uvumilivu mkubwa, akayachambua macho ya marehemu kwa hadubini, akafikia uamuzi huu: ute wa jicho, unapozeeka, hujitenga na retina, pale uliposhikamana sana huivuta na kuipasua, maji hupita kwenye mpasuko na kuinyanyua. Katika miaka ya 1920 akaanza kuliziba tundu kwa kulichoma kwa chuma cha moto kupitia ukuta wa jicho, na watu ambao wangepofuka wakaanza kuona. Hoja yake ilisimama juu ya binadamu, walio hai na waliokufa.

Basi wanyama waliingia wapi? Waliingia pale hoja ya Gonin ilipoacha fumbo. Watu wengi hutembea na tundu dogo kwenye retina maisha yao yote bila kujua, ilhali retina hubanduka kwa takriban mtu 1 kati ya 10,000 kwa mwaka. Kama tundu ndilo sababu, kwa nini wengine hawapatwi na kitu?

Robert Machemer, daktari Mjerumani aliyehamia Miami, Marekani, mwaka 1966, alilishughulikia fumbo hilo kwa kima wadogo wa Amerika Kusini wanaotembea usiku na wenye macho makubwa. Mwaka 1968 yeye na Edward Norton walieleza jinsi ya kuibandua retina ya kima hao. Katika kazi yao, na ya maabara nyingine zilizotumia sungura, somo lilijirudia. Ukiitoboa retina ya mnyama mchanga ambaye ute wake ni mzima, mara nyingi hakuna linalotokea. Ute unalikalia tundu, seli za chini zinaendelea kuvuta maji, na baada ya muda pale pamepona. Ili retina ibanduke, iliwabidi wauharibu ute wenyewe: wauyeyushe kwa kimeng'enya au waunyonye kiasi, maji yapate njia ya kupita. Hapo tukaelewa kwamba tundu peke yake mara nyingi halitoshi. Panahitajika tundu, ute uliogeuka maji, na mara nyingi kitu kinachovuta, mpaka seli zile zizidiwe.

Ndiyo maana uzee ni hatari, kwa sababu ute wa kila binadamu huyeyuka polepole. Ndiyo maana pia watu wasioona mbali, wale wa miwani yenye lenzi nene, wako hatarini zaidi: jicho lao limerefuka, retina imenyooshwa ikawa nyembamba, na ute wao huyeyuka mapema. Uchunguzi mkubwa wa Marekani wa mwaka 1993 ulikadiria kwamba zaidi ya nusu ya retina zinazobanduka bila ajali wala upasuaji wa awali chanzo chake kinahusiana na hali hiyo. Na kwamba jicho linaweza kurefuka kwa sababu ya kile linachokiona au kukosa kukiona, hilo tulilipata kwa wanyama: kima walioshonwa kope na Torsten Wiesel na Elio Raviola, 1977, na vifaranga wa kuku waliozuiwa kuona sawasawa katika maabara ya Josh Wallman, 1978.

Yapo pia ya urithi. Mbwa aina ya Labrador wakirithi hitilafu katika jeni moja ya kolajeni, protini inayoshikilia tishu za mwili, huzaliwa na miguu mifupi na retina zao hubanduka. Jeni hiyohiyo inapokuwa na hitilafu kwa binadamu, huweza kuleta ugonjwa wa Stickler, ambao watoto wake hupoteza retina wakiwa wadogo. Mbwa hao hakuna aliyewaumiza. Waliugua wenyewe kama tunavyougua sisi. Natamani tungejifunza zaidi kwa njia hiyo.

Kisa cha baba ni kingine, na hapa ndipo wanyama walipotufaa zaidi.

Unaijua ncha ya jani la mkonge kuliko mimi: mwiba mweusi, mgumu, wenye uwezo wa kupenya kitambaa cha suruali nzito. Ukiingia jichoni unatoboa ukuta, unachafua, na mara nyingi unamwaga damu ndani ya ute. Daktari anashona, jicho linatulia, kila mtu anashukuru. Halafu miezi inapita na retina inabanduka. Zamani tulisema tu kwamba jicho "limeharibika". Mwishoni mwa miaka ya 1970, Peter Cleary na Stephen Ryan waliuliza kwa sungura na kima: ni kidonda au ni damu? Waliyajeruhi macho kwa namna moja, kisha mengine wakayatia damu ya mnyama mwenyewe na mengine hapana. Kwa sehemu kubwa, yaliyopata kidonda bila damu yalipona. Yaliyopata kidonda pamoja na damu yaliota kovu: seli za ukarabati ziliingia kupitia jeraha, zikatambaa juu ya nyuzi za ute, zikajikaza, na wiki kadhaa baadaye zikaivuta retina ikatoka. Mabingwa wa Dar wakisema kovu linavuta, wanazungumzia jambo hilohilo.

Kutoka hapo lilifuata swali la tiba. Tukiuondoa ute na damu yake kabla kovu halijakaza, je? Kwa kima ilisaidia. Na njia ya kuuondoa ilikuwa imeshapatikana, kwa Machemer huyohuyo. Hadi wakati wake wapasuaji waliogopa kuugusa ute wa jicho kama walivyoogopa kuugusa moyo. Yeye alitengeneza kifaa chembamba chenye kisu kinachokata na kunyonya kwa pamoja, akakijaribu kwenye ute wa mayai ya kuku, kisha kwa wanyama, na mwaka 1970 akamfanyia mgonjwa wa kwanza. Upasuaji huo unaitwa vitrektomi. Uwezekano ni mkubwa kwamba ndio atakaofanyiwa baba, pamoja na leza ya kuziba mipasuko na gesi au mafuta ya silikoni ya kuishikilia retina mpaka ikamate.

Niliahidi kueleza haraka inatoka wapi. Retina ikibanduka haifi palepale. Seli zinazopokea mwanga hulishwa kutoka chini, kupitia lile tabaka la seli nyeusi, na zikitenganishwa nalo zinaanza kukosa oksijeni na chakula. Steven Fisher na Don Anderson wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walilifuatilia hili kwa paka kuanzia miaka ya 1980, siku baada ya siku. Vikonyo vya seli vinavyonasa mwanga vinafupika ndani ya siku chache. Baadhi ya seli zinaanza kufa, na kwa paka vifo hivyo vilikuwa vingi zaidi siku ya tatu hivi. Wakati huohuo seli za kati za retina zinaanza kuota na kutengeneza kovu. Retina ikirudishwa mahali pake, seli zilizobaki huotesha tena vikonyo vyao. Hilo lilikuwa limeshaonekana kwa kima tangu 1969, na ndilo linalotupa matumaini. Lakini seli iliyokufa hairudi. Kundi hilohilo lilionyesha mwaka 1999 kwamba paka waliowekwa kwenye hewa yenye oksijeni asilimia 70 walipoteza seli chache zaidi, jambo lililothibitisha kwamba njaa ya oksijeni ni sehemu kubwa ya madhara.

Kwa binadamu mambo yanalingana na hayo. Kama kitovu cha retina, makula, bado hakijabanduka, upasuaji wa mapema unaweza kuuhifadhi uoni mzuri. Kikishabanduka, wanaotibiwa ndani ya wiki moja hivi kwa kawaida huona vizuri kuliko waliokaa nyumbani wakitia dawa za matone. Mwulize bingwa waziwazi: makula imebanduka au bado? Na mwambieni siku pazia lilipoanza, kwa tarehe kama baba anaikumbuka.

Sasa mipaka ya elimu hii, maana ningekuonea nikikupa mazuri tu. Mnyama wa maabara ni mchanga, ute wake ni mzito, na ni nadra sana retina yake kubanduka yenyewe. Kwa hiyo mnyama huyo hatuonyeshi mwanzo wa ugonjwa; anatuonyesha matokeo ya kile tulichomfanyia. Sungura, ambaye ametumika sana, retina yake ina mishipa ya damu kidogo mno, na ikibanduka huharibika haraka kuliko yetu. Kima wa usiku hana kitovu cha kuona kama chetu, ndiyo maana watafiti wakahamia kwa kima wa rhesus. Na kovu lile linalovuta limetushinda mpaka leo. Dawa kadhaa zilizolizuia kwa sungura hazikufua dafu kwa watu. Nchini Uingereza wagonjwa 280 walioumia macho kama baba walijaribiwa triamsinoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, wakati wa upasuaji, katika utafiti ulioitwa ASCOT, na matokeo yaliyochapishwa 2023 yalionyesha kwamba haikuwasaidia. Mtu akiwauzia dawa ya kuyeyusha kovu la jicho, iwe ya kizungu au ya mitishamba, msitoe hata shilingi.

Ukiniuliza uamuzi wangu, wanyama wametufundisha zaidi kile kinachofuata retina inapobanduka kuliko kile kinachoanzisha. Mwanzo tumeupata kwa binadamu.

Je, ilikuwa lazima? Umeuliza kwa uchungu, nami sitalipita swali lako juu juu. Sote tumelelewa na hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha, na siamini kwamba koti jeupe linamtoa mtu kwenye hukumu hiyo. Kwa maswali mawili sioni njia nyingine iliyokuwapo wakati ule: kovu la jeraha linaundwaje siku kwa siku, na seli zinakufa lini. Huwezi kumwambia mkata mkonge akae na jicho lake lililobanduka siku tatu, kisha siku saba, kisha mwezi, ili uone. Macho ya marehemu yanakuonyesha mwisho tu, hayakuonyeshi safari. Majaribio hayo yalifanywa chini ya dawa ya usingizi, na utaratibu unaoheshimika ni kutumia jicho moja ili mnyama abaki anaona kwa lingine. Lakini nasema wazi kwamba si kila jaribio lililofanyika lilistahili. Kurudia kuwapofusha wanyama kwa jambo linalojulikana, au kujaribu dawa kwa sungura kumi zaidi wakati tofauti ya sungura na mtu imeshatuangusha mara nyingi, hilo naliona ni kosa.

Tangu 1959, William Russell na Rex Burch walipoandika kanuni zao tatu, watafiti wanatakiwa kutumia njia isiyo na mnyama kila inapowezekana, kupunguza idadi, na kupunguza maumivu. Hapa kwetu tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Na njia zimeongezeka: retina kutoka kwa watu waliojitolea macho baada ya kufa huhifadhiwa hai kwa siku kadhaa kwenye maabara na kuchunguzwa, kovu lililotolewa kwenye macho ya wagonjwa hukuzwa kwenye vyombo, na wapasuaji wachanga hujifunza kwa macho ya mbuzi na nguruwe waliokwishachinjwa kwa ajili ya nyama. Swali lako ni miongoni mwa yale yaliyowasukuma watu kuzitafuta njia hizo, kwa hiyo usiache kuuliza.

Kuhusu jicho la kushoto. Retina ya kulia kubanduka kwa sababu ya mwiba haiifanyi ya kushoto ibanduke. Hata hivyo bingwa aipanue mboni yake na kuichunguza retina nzima mpaka ukingoni, hasa kama baba alikuwa haoni mbali tangu ujana. Kuna jambo moja la nadra mnalopaswa kulijua: baada ya jicho kutobolewa, kinga ya mwili inaweza kuligeukia jicho zima lililo salama, wiki, miezi au hata miaka baadaye. Likianza kuwa jekundu, kuuma, kuumizwa na mwanga au kuona ukungu, aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dawa zipo na hufanya kazi zikiwahi. Akiona mimweko ya mwanga gizani, au vidoa vyeusi vingi vinavyoelea ambavyo jana havikuwapo, vilevile asilale navyo. Kila asubuhi afunike jicho la kulia na atazame kitu kilekile kwa la kushoto, mlango au mnazi wa uani, pembe zote nne. Na akirudi kwenye mkonge, au ukienda wewe, vaeni miwani ya plastiki ya kukinga macho inayofunika na pembeni. Ile ya jua iliyo wazi ubavuni haizuii ncha ya jani.